Simu Isiyozimwa

Niliusikia kabla sijafumbua macho: mngurumo mwembamba, kama nyuki waliofungiwa kwenye mkebe. Ukapanda, ukagawanyika, ukawa milio kumi, ishirini, arobaini, kila mmoja na wimbo wake. Nilikuwa nimelala sakafuni mwa kibanda changu cha kuchaji simu, hapa Murara, na mwili wangu ukafanya kile ambacho miili yote ya Goma ilikuwa imejifunza tangu Jumamosi. Uliruka kuelekea mlangoni kabla akili haijauliza.

Lakini ardhi ilikuwa imetulia. Kilichotetemeka kilikuwa beseni la bati lililokuwa ubavuni mwangu, na ndani yake simu arobaini na tatu za majirani zangu, zote zimewaka, zote zinalia kwa wakati mmoja, na hakuna hata mwenyewe mmoja aliyekuwepo kuitika.

Nuru ya asubuhi ya Alhamisi ilikuwa inaingia kwenye nyufa za mbao. Niliokota simu ya juu. Ujumbe. Nikaokota ya pili. Ujumbe uleule. Ulikuwa wa Leta, yaani serikali, kwa Kifaransa, mrefu: watu wa kartie hizi za mjini, Murara ikiwemo, watoke leo, waelekee Sake. Moto unaweza kuzuka chini ya mji au chini ya ziwa bila kutoa dalili. Wabebe vitu vichache.

Jumamosi, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka na lava ikashuka mpaka kwenye mipaka ya mji, hakuna simu iliyolia. Tuliuona moto kwa macho yetu kwanza, anga lote jekundu kama jeraha, ndipo tukakimbia. Lava ilikula nyumba upande wa kaskazini, ikakata barabara ya Rutshuru, ikaangusha nguzo za umeme. Tangu siku hiyo Murara haikuwa na taa. Mimi nilikuwa na jenereta ndogo na mafuta kidogo, kwa hiyo kila mtu aliniletea simu yake. Nilibandika kipande cha plasta nyuma ya kila moja, nikaandika jina la mwenyewe. Wakati wa kungoja, watu walinisikiliza.

Maana mimi, Gisubizo, nilikuwa na mashairi. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Mizani nilijifunza kuhesabu kwa vidole, nikiwa nimekaa nyuma ya meza hii ya nyaya, na vina niliviwinda barabarani. Jumatatu nilitunga ubeti mmoja juu ya mlima, nikaurekodi kwa sauti yangu kwenye simu yangu, nikautuma. Kufikia Jumatano ulikuwa umeenea mji mzima. Watu nisiowajua walikuwa wananirudishia:

Mlima umechemka, Goma haikuambiwa,
Jumamosi tukicheka, moto tukamiminiwa,
Simu hazikutamka, neno hatukutumiwa,
Leta iliposhituka, sisi tumeshachomewa.

Siwezi kuficha nilivyojisikia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimevaa ndala za rangi mbili tofauti, na mji mzima ulikuwa unasema maneno yangu.

Niliweka simu zote vizuri ndani ya beseni, nikajitwisha, nikatoka kuwarudishia wenyewe na kuwaambia waondoke.

Watu walikuwa tayari barabarani na bidoni zao za maji. Wa kwanza kunisimamisha alikuwa Papa Ridhwani, dereva wa lori, ambaye babu yake alitoka Maniema na ambaye husema hilo kila anapotaka kuonyesha kwamba hatishwi na mtu. Nilimpa simu yake. Akaisoma polepole, midomo ikitembea.

"Jumamosi hawa batu walikuwa wapi?" akauliza.

"Sijui, Papa."

"Nilikuwa naona moto na macho yangu. Telefone kimya. Leo niko naona maziwa ya chai kwenye kikombe, telefone inaniambia moto unakuja."

Mama Farida, muuza dagaa wa ziwani tunaowaita sambaza, alipokea simu yake bila kuiangalia. Akaweka mkono kiunoni na kuimba kwa sauti ili njia nzima isikie: "Leta iliposhituka, sisi tumeshachomewa! Si ni wewe uliyetufundisha, Gisubizo? Sasa umekuwa mutu wa Leta?"

Watu wakacheka. Mtu mwingine akadakia: "Labda Leta nayo ilikuwa imeacha telefone yake kwa Gisubizo, iko inangoja kuchajiwa!"

Wakacheka zaidi. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu hakucheka. Alisema ujumbe umeandikwa na wezi, kwamba Jumamosi yeye alikimbilia mpakani na aliporudi Jumapili mlango wake ulikuwa umekwenda, mlango wenyewe, na bawaba zake. "Nendeni," alisema. "Mimi nitalala juu ya godoro langu, moto utukute pamoja."

Kicheko kile kilinichoma. Si kwa sababu hawakuamini Leta, hata mimi sikuiamini. Kilinichoma kwa sababu walikuwa wanatumia maneno yangu mwenyewe kunifunga mdomo. Nikageuza kreti tupu la bia, nikapanda juu yake, nikaweka beseni miguuni, nikausoma ujumbe kwa Kiswahili. Sikuusoma kama ulivyoandikwa. Niliupa mwendo. Nilivuta sauti pale palipofaa kuvutwa, nikarudia "chini ya mji, chini ya ziwa, chini ya kitanda chako", ingawa kitanda hakikuwa kwenye ujumbe. Vicheko vikapungua. Akina mama wakashusha bidoni.

Nilipomaliza, ardhi ikatetemeka. Mabati ya Murara yote yakagonga meno. Ukuta wa duka la mkabala ukatoa ufa kutoka juu hadi chini, pale pale tukiuangalia.

Hakuna aliyecheka tena. Mama Farida alisema "Mungu wangu", akanyanyua ndoo yake ya sambaza, akaiweka chini, akainyanyua tena, hajui kama samaki nao ni vitu vichache vya kubeba. Papa Ridhwani alikuwa tayari anakimbia kuelekea lori lake. Katika dakika kumi njia ilijaa magodoro. Nami nilibaki juu ya kreti, nikijiona kama mimi ndiye niliyeitikisa dunia.

Simu zilipogawanywa, ilibaki moja. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira ili mfuniko usidondoke. Juu ya plasta nilikuwa nimeandika: Mama Munezero.

Jina lake ni Mukamazimpaka, lakini hakuna anayemwita hivyo. Sisi sote tunamwita kwa jina la mtoto wake, mtoto ambaye hapa Murara hakuna aliyewahi kumwona. Mwaka wa 2012, wakati wa vita, Munezero alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa anarudi kutoka shambani huko Rutshuru na gunia la maharage, wanaume wenye bunduki wakamsimamisha barabarani wakamwambia abebe na mizigo yao. Hakurudi. Mama yake alikimbilia Goma, akapanga chumba nyuma ya kibanda hiki, kabla hakijawa changu. Miaka miwili baadaye simu yake ililia. Ilikuwa namba ya kuazima. Munezero alisema maneno machache: yuko hai, hawezi kusema yuko wapi, mama asibadilishe namba. Na mama akamjibu, kama alivyonihadithia mara nyingi akiwa amekaa kwenye kistuli changu: "Sitaibadilisha. Na sitaizima hata siku moja. Siku utakayopiga ukakuta imezimwa, ujue mama yako amekufa."

Miaka saba ilikuwa imepita tangu mazungumzo hayo. Simu haikuzimwa. Kila mara aliileta kwangu ikiwa bado na vipande viwili vya chaji, aliichomeka ikiwa inawaka, akakaa nayo mpaka ijae, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, akaenda. Vijana waliokuja kumuuzia laini mpya aliwafukuza kwa mwiko.

Sasa nitasema kilichotokea Jumatano, siku moja kabla ya ujumbe wa Leta.

Jumatano foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia Mama Munezero aende akapumzike, mimi nitaiangalia simu yake mpaka kesho. Alisita. Nikamwambia, "Mama, unaniamini ao huniamini?" Akaniacha nayo. Saa saba mchana simu yangu mwenyewe ilikuwa inakufa, na watu walikuwa wananitumia salamu za ubeti wangu, wengine kutoka Bukavu, mmoja kutoka Kampala. Waya wa pini nyembamba, unaoingia kwenye simu yake na yangu, ulikuwa mmoja tu. Nikauchomoa kwake, nikauchomeka kwangu. Simu yake nikaifungua mgongo, nikatoa bateri, nikaibana kwenye kibanio cha kuchajia bateri peke yake. Simu ikazimika. Nilijiambia ni kwa nusu saa. Niliirudisha bateri jioni, nikaiwasha, nikaitupa kwenye beseni bila kuitazama, kwa sababu nilikuwa narekodi ubeti wa pili.

Nilimkuta amekaa mlangoni mwa chumba chake, mikono juu ya magoti, anatazama magodoro yanavyopita.

"Mama, tunatoka. Leta imesema."

"Leta haikunileta hapa," alijibu. "Telefone yangu iko wapi?"

Nikampa. Akaipangusa kwa kiganja. Hajui kusoma, lakini picha ya bahasha anaijua. Aliinua simu karibu na macho yangu.

"Iko na mesaji. Imeandika nini?"

Kulikuwa na bahasha, na kando yake tarakimu 2. Nikafungua ya juu. Ilikuwa ileile ya Leta ambayo nilikuwa nimekwisha kuisoma mara arobaini. Watu walikuwa wananipita, mtu alikuwa ananiita nimsaidie kufunga mzigo, na kifua changu bado kilikuwa kimejaa upepo wa lile kreti.

"Ni ya Leta tu," nikasema.

"Zote?"

"Zote, Mama. Leta inapenda kurudia."

Akatikisa kichwa. Akasema haendi. Alikuwa ameshakwenda Mugunga, kambi ya wakimbizi iliyo njia ya Sake, mwaka wa 2008, akalala chini ya hema miezi mingi, mume wake akazikwa kule kwenye mawe. Kwa nini apite njia ile tena? Na Munezero akija, ataambiwa nini? Mara ile moja Munezero alipopiga, yeye alimwelekeza: Murara, nyuma ya kibanda cha kuchaji. Hakuna pengine anapopajua.

Nilichuchumaa mbele yake. Maneno yalinijia kwa urahisi, kama yalivyonijia siku zote.

"Mama, nyumba haitembei. Namba inatembea. Mahali telefone ilipo, ndipo nyumbani kwa Munezero. Ukiungua nayo hapa, atapiga wapi?"

Aligeuka akatazama ndani ya chumba chake. Kisha akasimama, akafunga mlango kwa kufuli ambayo mtoto angeweza kuivunja, akaifunga simu kwenye pindo la kitenge.

Marehemu baba yangu aliniachia chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, aliyobebea makaa maisha yake yote. Nilimketisha Mama Munezero juu yake, na godoro nyuma yake, nikaisukuma mpaka Sake. Kilomita zaidi ya ishirini, na mji mzima ulikuwa kwenye barabara hiyo moja. Magari hayakusogea. Mbuzi walipanda juu ya magari. Kila simu ilipolia watu walisimama wote, wakaangaliana, wakauliza imesema nini, na mwenye simu akasema ni shemeji yangu, wakaendelea.

Tulipopita Mugunga aligeuza uso upande wa ziwa. Aliurudisha mahema ya zamani yalipokwisha.

"Gisubizo."

"Naam, Mama."

"Ukinidanganya juu ya huu moto, nitakurudisha hapa nikuzike karibu na mzee wangu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sake tulilala darasani, familia tisa, tumepanga madawati kama ukuta. Maji yalitoka ziwani na yalikuwa na ladha ya udongo. Siku ya pili watoto walianza kuharisha. Siku ya tatu walimzika mmoja nyuma ya uwanja wa mpira. Nyiragongo tuliiona kwa mbali, na moshi wake, na haikufanya kitu. Kila asubuhi tulingoja mji uzame motoni na kila asubuhi mtu aliyepigiwa simu kutoka Goma alisema mji upo. Mama Farida, ambaye ndoo yake ya sambaza iliharibika njiani, aliacha kunisalimia. Papa Ridhwani, aliyelala kwenye lori lake nje ya shule, alinisalimia kwa kusema: "Chini ya kitanda changu hakujatoka kitu, mushairi." Ujumbe wa Leta uliendelea kuja. Nawa mikono. Usirudi. Usisikilize uvumi. Nawa mikono.

Jumatatu Mama Munezero alinikuta nimekaa kwenye ngazi za shule. Alifungua pindo la kitenge, akanipa simu. Bahasha ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

"Inafanya hivi tangu jana. Papa Ridhwani anasema imejaa. Punguza za Leta, zisizibe njia ya mutoto wangu."

Akaketi kando yangu. Simu yake ilihifadhi ujumbe ishirini tu. Nikaanza kufuta kutoka juu. Nawa mikono, nikafuta. Usirudi, nikafuta. Nikafika kwenye ule wa Alhamisi uliotutoa Murara, nikaufuta pia. Chini yake ulikuwepo mwingine ambao sikuwahi kuufungua. Ulikuwa mfupi, ule ambao mtandao hutuma simu ikiwashwa baada ya kuzimwa. Ulisema kwamba namba hii imejaribu kukupigia. Mara tatu. Jumatano, saa nane na dakika ishirini.

Ilikuwa namba nisiyoijua.

Kidole changu gumba kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Nasema kweli. Kilikuwa pale kwa sababu kilikuwa kinafuta, na ilitosha kukibonyeza mara moja zaidi. Yeye hajui kusoma. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Ningeweza kurudi Murara na ubeti wangu, na Mama Munezero angeendelea kungoja kama alivyongoja miaka saba, bila kujua kwamba alichokingoja kilikuwa kimekuja na kupita.

"Unasoma nini, unakawia hivi?" akauliza.

Nikaondoa kidole.

"Mama, kuna mutu alipiga."

Hakusogea. "Lini?"

"Jumatano. Mara tatu."

"Jumatano telefone yangu ilikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Ilikuwa inawaka?"

"Hapana, Mama."

"Nani aliizima?"

Koo langu, lililoweza kutikisa Murara kutoka juu ya kreti, likatoa sauti ndogo. "Ni mimi. Nilitoa waya nikaweka kwenye telefone yangu."

"Ile ya mashairi."

"Ile ya mashairi."

"Na Alhamisi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Nilingoja anipige. Ningefurahi. Aliweka viganja vyake viwili juu ya magoti, akavitazama kama vitu vya mtu mwingine. Baadaye akasema tu, "Ita ile namba."

Simu yake haikuwa na yunite hata moja ya kupigia. Nilikwenda kwa Papa Ridhwani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama chini ya mlango wa lori lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakutania. Alishuka, akaja mwenyewe, akabonyeza ile namba kwenye simu yake, akaiweka kwenye sauti kubwa, akaishika katikati yetu watatu.

Mara ya kwanza haikupatikana. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mwanamume akaitika, na nyuma yake zilisikika sauti za soko.

"Alo? Ni nani?"

Papa Ridhwani akamwamkia, akasema tunapiga kutoka Sake, tunatafuta mtu aliyetumia namba hii Jumatano mchana kupiga Goma.

Tulimsikia akisogea mbali na kelele za soko. Kisha akasema jina lake ni Ndayambaje, ana duka la chumvi na sabuni pale Kiwanja, karibu na Rutshuru. Ndiyo, alimwazima mtu simu. Kijana, si kijana tena, mwenye ndevu, amevaa buti za mpira, mguu mmoja anauburuta.

"Alisema ametoka juu, kule wanakokaa wale batu," Ndayambaje alisema, akishusha sauti. "Alisema amewatoroka, anataka kurudi kwa mama yake. Akaniuliza njia ya Goma. Nikamwambia njia imekatwa na lava, na huku wanasema Goma imeungua yote. Ndiyo akaomba telefone. Akapiga mara tatu. Ile sauti ya mwanamuke ikamwambia namba haipatikani."

"Halafu?" Papa Ridhwani akauliza.

"Halafu akakaa juu ya gunia langu la chumvi. Nikamwambia labda chaji imeisha, ngoja. Akasema hapana. Akasema, mama yangu haizimi telefone. Alisema kama imezimwa, amekufa."

Mama Munezero alitoa sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu aliyekanyaga mahali ambapo alidhani pana ngazi.

"Alikwenda wapi?" niliuliza. Niliinama karibu na simu mpaka nikahisi joto lake.

"Alirudi alikotoka. Alisema hana tena pa kwenda."

"Muzee, ukimwona, tafadhali mwambie mama yake yuko hai. Yuko hapa, anakusikia."

"Kijana," Ndayambaje akasema, "unajua anatembea na nani? Mimi niko na watoto. Sibebi maneno ya wale. Siku ya soko kubwa, Ijumaa, huwa wanashuka wawili watatu kununua chumvi. Labda yeye, labda mwingine. Mimi siwaangalii usoni. Musinipigie tena."

Akakata. Papa Ridhwani akajaribu tena. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akajaribu tena. Ilikuwa imezimwa.

Papa Ridhwani aliiweka mfukoni, akasema kwa sauti ya chini maneno ya dua ambayo sikuyaelewa yote, akarudi kwenye lori lake bila kututazama.

Tulibaki kwenye ngazi. Uwanjani watu walikuwa wanapanga foleni ya maji. Simu moja ikalia kati yao, kisha nyingine, kisha nyingi, na foleni nzima ikainamisha vichwa. Mtu akasoma kwa sauti: nawa mikono. Wengine wakacheka, wengine wakatukana. Simu ya Mama Munezero nayo ikatetemeka mkononi mwangu, kwa sababu sasa ilikuwa na nafasi.

"Ni nini hiyo?" akauliza.

Niliusoma ujumbe wote, neno kwa neno, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sauti bapa. Nikaangalia kama kuna mwingine chini yake. Hakukuwa.

"Ni ya Leta tu," nikasema. "Nimeangalia."

Alichukua simu, akaifunga kwenye kitenge. Mafundo mawili. Kisha akaniambia jambo ambalo hata leo linaniamsha: "Wewe una sauti nzuri, Gisubizo. Mutoto wangu alikuwa na kigugumizi. Ile siku alipopiga, yale maneno machache yalimchukua muda murefu sana. Sikumkatiza."

Sikuwa na ubeti. Nilitafuta ndani yangu kitu chenye mizani na sikukuta kitu, na kwa mara ya kwanza sikuona haya kukosa. Nilishuka ngazi moja ili niwe chini yake, nikamshika miguu, na nikasema kwa sauti, watu wa foleni wakisikia, Mama Farida akiwa amesimama na ndoo yake tupu:

"Mama Munezero, lava ikipoa nitapita juu yake kwa miguu. Nitafika Kiwanja. Kila Ijumaa nitakaa mbele ya duka lile la chumvi, na kila atakayeshuka nitamwangalia usoni, mpaka nimwone anayeburuta mguu. Sitamwimbia. Nitamwambia: mama yako yuko hai, hakuizima telefone, ni mimi niliyeizima. Na akitaka kunijibu, nitangoja mpaka amalize."